Nipigie Window: Mjadala wa Skrini Nyeusi Njoro

Mjini Moshi ni nadra mtu kumwambia fundi "nisakinishie mfumo endeshi". Watu husema "nipigie window", na fundi anaelewa: achomeke flashi, afute kilichokuwemo, abonyeze vitufe vya kuendelea mpaka ile skrini ya bluu itokee, kisha aongeze Word na programu ya muziki. Ndani ya kauli hiyo kuna msimamo mzima kuhusu kompyuta: kwamba mfumo ni kitu kinachopigwa juu ya mashine kama rangi ukutani, na fundi ni mtu mwenye ndoo ya rangi. Msimamo huo naupinga. Nasema kila fundi wa Njoro hapa Moshi, na kila darasa la TEHAMA lililo jirani naye, wangepaswa angalau mara moja kusakinisha Linux tupu, mfumo endeshi huria, kwa mkono, amri kwa amri, bila dirisha wala kipanya, na faida ya kufanya hivyo haimo katika bei. Nimewapa nafasi wapinzani watatu: Fundi, Mwalimu na Mama Karani wa chama cha msingi cha wakulima. Hawa si watu wa mtaa fulani. Ni hoja tatu zinazosikika kila mara jambo hili linapotajwa, nami nimezivisha kofia za kazi ili zijibiwe moja moja.

Fundi anaanza, kwa kuwa ndiye mwenye haraka. "Ndugu mwandishi, wewe unaandika, mimi nina mteja mlangoni. Ana laptopu ya mtumba na kazi ya chuo ya kukabidhi kesho. Nikimwonyesha skrini nyeusi yenye maandishi meupe atadhani nimeiua mashine yake. Window naimaliza mapema, mteja anaondoka anatabasamu, na flashi yangu ni ileile tangu mwaka juzi. Kwa nini nijitese?"

Fundi, hoja ya mteja naiheshimu, nitairudia mbele, na kwenye sehemu yake moja nitashindwa. Ila hiyo flashi ya tangu mwaka juzi ndiyo inayonitia wasiwasi. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10. Windows 11 iliyochukua nafasi yake inadai kidude cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0, na kwa upande wa Intel orodha ya vichakataji inavyovikubali inaanza, kwa sehemu kubwa, na kizazi cha nane, yaani mashine zilizoanza kuuzwa 2017. Laptopu nyingi za mtumba ni za kabla ya hapo. Najua mafundi wana mbinu za kuruka ukaguzi huo. Microsoft yenyewe inasema mashine ya namna hiyo haina dhamana ya kupata masasisho. Na kama nakala iliyomo kwenye flashi imefunguliwa kwa krek, basi umeweka ndani ya mashine ya mteja programu iliyotengenezwa na mtu usiyemjua, ukaipa ruhusa zote, kisha ukazima kinga ya virusi kwa sababu krek haipatani nayo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 ipo, lakini sijengi hoja yangu juu ya hofu ya sheria. Ninachosema ni kwamba ujuzi wa fundi wa aina hiyo umeazimwa. Mwenye mali akibadilisha masharti huko Marekani, fundi wa Njoro anabaki na flashi isiyomsaidia, na hana cha kuiweka badala yake kwa kuwa hakuwahi kujua ilikuwa inafanya nini.

Tuitazame basi kazi yenyewe kwa karibu, maana wengi wanaoibishia hawajawahi kuiona ikifanyika. Chukua laptopu ya zamani, flashi yenye Debian, aina mojawapo ya Linux, inayowaka bila kusakinishwa, na waya wa intaneti. Mashine ikiwaka unaifungua skrini ya amri, yenye kistari kinachopepesa na hakuna kingine. Unaandika lsblk, nayo inakuorodheshea diski: sda, giga 320, ndiyo diski ya ndani, sdb, giga 8, ndiyo flashi yako. Hapo tayari umejua jambo ambalo vitufe vya kuendelea havikukuambia: diski ina jina, jina hilo linaweza kubadilika mashine ikiwashwa upya, kwa hiyo cha kuaminiwa ni ukubwa. Unaigawa kwa fdisk. Unaandika mkfs.ext4 pamoja na jina la kipande ulichokikata, na eneo tupu linapata utaratibu wa kuhifadhi faili. Kwa amri ya mount unalishikiza kwenye folda ya /mnt. Sasa debootstrap inashusha vifurushi vya msingi na majina yanapita mbele ya macho yako, bash, coreutils, dpkg, grep, tar, kila kimoja kikiwa na kazi unayoweza kuiuliza na kuisoma. Kisha chroot: unaingia ndani ya mfumo ambao bado haujawaka hata mara moja, kama mjenzi anayelala kwenye nyumba aliyoipaua nusu. Humo unaweka nywila ya mkuu wa mfumo, unaongeza kiini (kernel), unaandika faili fupi iitwayo fstab inayoieleza mashine diski ipi ishikizwe wapi, na unaweka saa kwa kuelekeza kwenye Africa/Dar_es_Salaam. (Watani wa jadi watacheka: katika hifadhidata kuu ya saa za dunia, Dar es Salaam imeandikwa kama kiungo tu cha kuelekea Nairobi, kwa kuwa saa za miji hiyo hazijatofautiana tangu 1970.) Mwisho grub-install, ili mashine ikiwaka ijue pa kuanzia.

Sasa tuseme umesahau hiyo grub-install. Mashine inawaka, inasimama, haisemi kitu. Unarudi na flashi, unashikiza diski upya, unaingia kwa chroot, unaandika amri iliyosahaulika, unatoka. Kazi ya dakika chache, na hakuna kilichofutwa. Hapa ndipo ninapoona tofauti kubwa kati ya mafundi wawili. Anayejua kupiga tu, mashine ikigoma atapiga upya, na kupiga upya ni kufuta. Anayejua hatua hurudi kwenye hatua iliyokosekana. Na Fundi, yule mteja wako wa kazi ya chuo hahitaji hata kujua neno Linux ili afaidike: Windows yake ikikataa kuwaka usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi, flashi hiyohiyo ya Debian, lsblk hiyohiyo na mount hiyohiyo zinaifungua diski yake ya NTFS na kuitoa kazi yake nje salama kabla hujagusa kitu kingine. Diski ikiwa nzima na haijafungwa kwa ufunguo, mteja anaondoka na tasnifu yake. Huyo ndiye atakayerudi na wenzake watatu.

Mama Karani anaingilia. "Wanangu, nimewasikia. Lakini mmesema wenyewe kwamba amri moja inaweka utaratibu mpya kwenye diski. Mkikosea herufi? Mimi nina daftari la wanachama, kilo za kahawa za kila mkulima na malipo yake. Mali bila daftari huisha bila habari. Siwezi kumpa kijana kompyuta yangu aandike maneno ambayo herufi moja inaweza kunifutia msimu mzima."

Mama, hilo ni kweli tupu na sitalipunguza makali. Mtu aliyekusudia sdb akaandika sda amefuta diski, na kwa kawaida skrini nyeusi haimuulizi mara mbili kama anajua anachofanya. Lakini angalia pia upande wa pili. Kisakinishi cha vitufe nacho hufuta, tena huko ajali hutokea kwa sababu mtu amezoea kubonyeza "endelea" bila kusoma. Ni mara ngapi tumesikia mtu aliyepigiwa window akakuta hata ile sehemu ya D, alikotunza picha za harusi, imekwenda? Kinachokulinda wewe na daftari lako ni nakala ya pili iliyokaa mbali na kompyuta, na kijana aliyejifunzia kwenye diski isiyo na kitu. Kwa hiyo sharti langu la kwanza ni hili: asijifunzie kwako. Ajifunzie kwenye mashine chakavu, au kwenye mashine pepe ndani ya kompyuta nyingine, aiharibu mara tano, airudishe mara tano. Akija kwako awe ameshaogopa mahali pengine.

Mwalimu anavua miwani. "Mimi nakubaliana na Fundi kwa sababu nyingine. Wanafunzi wangu wanahangaika na Kiingereza cha vitabu vya fizikia, na sasa niwaongezee Kiingereza cha mashine? Halafu siku hizi hata Linux ina kisakinishi cha vitufe. Ubuntu unaisakinisha kwa kipanya. Hata hao wa Arch Linux, wanaojulikana kwa ukaidi wao, wameweka programu ya kuongoza usakinishaji. Kama wenyewe wamechoka kuandika amri, kwa nini mwanafunzi wa Moshi aanze pale wao walipochoka?"

Nianze na lugha. Ken Thompson na Dennis Ritchie walipoanza Unix huko Bell Labs mwaka 1969, waliandikia kwenye mashine za Teletype. Ile ya Model 33 ilichapa herufi 10 tu kwa sekunde, na vidole vilichoka. Ndiyo maana amri zikakatwakatwa: ls, cp, mv. Amri ya kuondoa diski iliyoshikizwa inaitwa umount, herufi n ya kwanza imemezwa, na mtoto wa London huikosea kama mtoto wa Pasua hapa Moshi. Hicho si Kiingereza cha mtu yeyote. Ni lugha ndogo ya kazi ambayo kila mmoja anaanza nayo sifuri, na kwa upande huo mwanafunzi wetu hajatanguliwa sana. Kinachomtesa kwa kweli ni ujumbe mrefu wa makosa na kurasa za maelezo, na hapo Kiswahili kinadaiwa. Deni hilo liliwahi kuanza kulipwa: mradi wa Kilinux, uliofanywa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa msaada wa Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice mwishoni mwa 2004, programu nzima ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Iliwezekana kwa sababu msimbo ulikuwa wazi. Watafsiri hawakuhitaji kumsubiri mwenye mali aamue kama soko la Waswahili linamlipa.

Kuna faida nyingine ya amri ambayo watu wa vitufe huisahau. Amri ni maneno, na maneno husafiri. Fundi wa Njoro anaweza kumpigia simu mwenzake aliye Same na kumwambia "andika lsblk, nisomee unachokiona", na msaada ukafika kwa sauti. Amri inaandikwa kwenye kipande cha karatasi, inatumwa kwa meseji, inabandikwa ukutani juu ya meza ya kazi, inatunzwa kwenye daftari na mwaka kesho itafanya kazi ileile. Jaribu kuelekeza kwa simu kitufe kilichohamishwa kutoka kona moja hadi nyingine baada ya toleo jipya. Katika mji ambao ufundi hufundishwa kwa kukaa karibu na anayejua, somo linaloweza kutamkwa na kunakiliwa lina thamani yake.

Kuhusu Arch, Mwalimu, historia yake inanisaidia mimi. Walikuwa na kisakinishi, wakakiacha mwaka 2012, wakakaa karibu miaka tisa wakiwaambia watu wafuate mwongozo kwa mkono, ndipo mwaka 2021 wakaleta archinstall. Wanaotumia programu hiyo leo wana ule mwongozo nyuma yake, hatua kwa hatua, na archinstall ikikwama ndiko wanakokimbilia. Sina ugomvi na kipanya. Mwanafunzi akishasakinisha kwa mkono mara moja, na atumie vitufe maisha yake yote, maana atajua kila kitufe kinaficha amri gani. Ila Arch kwa Njoro siipendekezi hata kidogo: inabadilika kila siku, na anayeiacha mwezi mzima hukuta masasisho ya kumaliza bando. Debian, inayotoa toleo jipya takriban kila miaka miwili, inafaa zaidi.

"Bando!" Fundi anadakia. "Umelitaja mwenyewe. Na TANESCO je? Umeme ukikatika katikati ya huo mchezo wenu?"

Kwa bando, hesabu iko upande wangu. Picha ya Debian ile ndogo, inayoshusha mengine mtandaoni, haifiki giga moja. Alpine, mfumo mwingine mdogo (jina la milima, ingawa si mlima wetu), una toleo la mashine pepe lisilofika mega 100. Picha ya Windows 11 inapita giga 5, na haijashusha sasisho hata moja. Lakini namba hizo si hoja yangu kuu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Kila kazi iliyotegemea kitu kilichoko ng'ambo ilisuasua. Mfumo huria unaruhusu ng'ambo iletwe hapa: kompyuta moja darasani inawekewa programu ya apt-cacher-ng, kifurushi kikishashushwa mara moja kinatunzwa humo, na mashine nyingine thelathini zinakichukua kwa waya wa ndani bila kugusa bando. Unaweza kunakili hazina yote ya vifurushi kwenye diski na kuipeleka Marangu kwa daladala. Ni halali kabisa, leseni inasema hivyo. Huko Karatu, shirika la Powering Potential limewahi kuweka katika shule za sekondari kompyuta ndogo za Raspberry Pi, zinazotumia umeme wa jua na kubeba maktaba ya masomo isiyohitaji intaneti. Mashine hizo huendeshwa na Linux, na hula wati chache tu.

Na umeme ukikatika katikati? Unarudi na flashi, unashikiza diski, unaingia kwa chroot, unaandika dpkg --configure -a, na vifurushi vilivyoachwa nusu vinamaliziwa. Mara nyingi inatosha. Isipotosha, unajua ni hatua ipi ya kurudia.

Sasa Mama Karani anasema neno ambalo naliona zito kuliko yote yaliyotangulia. "Mwanangu, hii habari ya kitu cha wote, sisi wa mlimani hutufundishi. Wakulima walianzisha chama chao 1925, kikawa chama kikuu cha ushirika, KNCU, mwaka 1933. Walijenga, walisomesha, Chuo cha Ushirika kikafunguliwa hapa hapa Moshi 1963. Halafu 1976 vyama vikuu vikafutwa, kwa tamko tu. KNCU ya leo ilibidi iandikishwe upya mwaka 1984. Cha wote kilifutwa siku moja na wote wakiwa wanatazama. Wewe unaniambia niweke daftari langu juu ya programu ya watu wa kujitolea nisiowajua. Wakichoka? Akiingia mwizi katikati yao?"

Huchoka, Mama, na mwizi huingia. Tarehe 29 Machi 2024 mhandisi Andres Freund alitangaza kwamba xz, programu ndogo ya kubana faili inayotumiwa na karibu kila Linux, imepandikizwa mlango wa siri katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Aliyeupandikiza alijiita Jia Tan. Alikaa miaka kadhaa akijenga uaminifu kwa mtunzaji mmoja aliyekuwa amelemewa, hadi akakabidhiwa funguo. Hakuna hoja bora ya kumpa mpinzani wa programu huria. Lakini tazama ilivyogunduliwa: Freund aliona kuingia kwenye mashine yake kunachukua takriban nusu sekunde zaidi ya kawaida, akafuatilia, na kwa kuwa kila kitu kilikuwa wazi aliweza kufuatilia hadi chini kabisa. Mlango haukuwa umefika kwenye Debian ya toleo imara. Na Freund, kwa taarifa ya Fundi, ni mwajiriwa wa Microsoft. Hata huko hawapigi tu window.

Somo la xz linanirudisha Uchagani. Mifongo, ile mifereji iliyochimbwa tangu enzi kuteremsha maji ya mito ya mlimani hadi migombani, ina wenyewe na ina zamu. Mvua kubwa ikibomoa banio, watu huitwa kwenda kulijenga, na asiyefika hutozwa faini. Hakuna mita kwenye mfongo wa namna hiyo, wala hakuna aliyewahi kudhani maji yake ni ya bure. Mfongo unakufa pale watumiaji wanapokuwa wengi na wanaojua njia ya kwenda banioni wanapobaki mzee mmoja. Ndicho kilichotaka kuipata xz: dunia nzima inakunywa, na banioni yuko mtu mmoja aliyechoka. Kwa hiyo kusema "programu huria ni nzuri kwa sababu hailipiwi" ni kukosea kabisa, na watetezi wengi wa Linux hapa nchini wamekosea hivyo kwa miaka. Inalipiwa kwa watu wanaojua njia ya kwenda banioni. Kusakinisha kwa amri ndiyo kuutembea mfongo kwa miguu mara moja, kuanzia shambani hadi mtoni, uone mahali maji yanapoingia.

Ila katika jambo moja mfano wa ushirika na mfano wa programu unaachana, Mama, na hapo ndipo jibu lako lilipo. Mwaka 1976 tamko lilifuta vyama kwa sababu maghala, magari na akaunti vilikuwa kimoja kimoja. Aliyevishika alishika vyote. Msimbo huria hauko hivyo. Ile OpenOffice iliyotafsiriwa Dar es Salaam ilikuwa chini ya kampuni ya Sun. Januari 2010 Oracle iliinunua Sun, wachangiaji wakaingiwa na wasiwasi, na Septemba mwaka huohuo wakachukua msimbo wote, wakaanzisha taasisi yao na kuuita LibreOffice. Hawakuomba kibali, kwa kuwa leseni ilishawapa. LibreOffice bado ina kifurushi cha Kiswahili cha Tanzania. Mkulima aliyefutiwa chama 1976 hakuwa na njia ya kuondoka na nakala ya ghala.

Fundi amenyamaza muda, sasa anauliza lile ambalo nilijua litakuja. "Sawa. Nimejifunza, nimetembea mfongo. Nitakula nini? Mteja wangu anataka Word."

Hapa ndipo niliposema nitashindwa, na nashindwa. Steshenari inayochapa barua za maombi na kadi za harusi ibaki na Windows, tena yenye leseni. Faili la Word lenye jedwali na fonti za kununua likifunguliwa kwenye LibreOffice linaweza kuhama mistari, na mteja hatataka maelezo. Kuna printa zisizo na kiendeshi cha Linux, kuna programu za hesabu zinazodai Windows. Pia si kila mashine ya zamani itaokolewa: Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 haisakinishwi tena kwenye vichakataji vya biti 32, kwa hiyo hata huku kuna laptopu zinazoachwa nyuma, ingawa Alpine bado inazipokea. Anayeahidi kwamba Linux itachukua nafasi ya window pale kaunta anamdanganya Fundi.

Lakini kaunta si kazi yote iliyopo. Simu janja za Android zinazopita mbele ya kibanda chako zinaendeshwa na kiini cha Linux. Kompyuta 500 zenye nguvu kuliko zote duniani zinaendeshwa na Linux, zote, tangu orodha ya Novemba 2017. DHIS2, mfumo huria uliozaliwa Chuo Kikuu cha Oslo na unaokusanya takwimu za vituo vya afya Tanzania nzima, kwa kawaida huwekwa kwenye seva ya Linux isiyo na dirisha wala kipanya: mtu anaingia kwa mbali, anakuta kistari kinachopepesa, anaandika. Hospitali, vyuo, SACCOS, watoa huduma za intaneti, wote wana chumba chenye mashine ya namna hiyo, na ikigoma huitwa mtu. Mara ngapi mtu huyo hutoka Dar es Salaam kwa ndege ya asubuhi, akaandika amri sita, akarudi jioni? Amri hizo sita ni ndugu wa zile tulizozitaja hapo juu. Simwahidi Fundi utajiri. Namwambia tu kwamba kazi ipo ng'ambo ya kaunta yake, na mlango wake ni ile skrini nyeusi anayoogopa kumwonyesha mteja.

Mama Karani naye hana haja ya kujifunza amri hata moja. Ila siku akimwita kijana kumwekea mashine ya kutunza nakala ya daftari la wanachama, na amwombe amweleze kwa Kiswahili cha kawaida diski ipi imeshikizwa wapi na nakala inakaa wapi. Akishindwa kueleza, asimpe kazi. Mwalimu, kwa upande wake, hahitaji kusubiri maabara mpya: kipindi cha saa mbili, mashine moja mbovu na darasa lililoizunguka vinatosha kwa mara ya kwanza, mwanafunzi mmoja akiandika na wengine wakimsomea.

Na wewe Fundi, kwenye kona ya kibanda chako ipo laptopu ya mtumba uliyoinunua kwa ajili ya vipuri, kioo kimepasuka kidogo na betri haishiki chaji. Iunganishe na umeme jioni moja baada ya kufunga. Chomeka flashi ya Debian, andika lsblk, na kabla ya mkfs soma ukubwa wa diski mara mbili.